Popoo, Manjano na Msesewe: Je, Mitishamba Inaweza Kulinda Akili ya Mgonjwa wa Skizofrenia?

Dawa zikishakolea, sauti zikanyamaza na ile hofu ya kufuatwa na watu ikatulia, familia nyingi hugundua kuwa kuna kitu bado hakijarudi. Kijana aliyekuwa akipiga hesabu za duka kichwani sasa anahesabu chenji mara tatu na bado anakosea. Akitumwa vitu vinne sokoni anarudi na viwili. Anasoma ukurasa, akifika chini hajui juu palisemwa nini. Hapo ndipo shangazi anapotaja mzizi anaoujua, jirani analeta unga wa majani, na mtaani inapatikana chupa ya dawa ya "kuongeza kumbukumbu" yenye picha ya ubongo na orodha ndefu ya magonjwa inayoyatibu.

Familia hiyo haina kosa. Hospitali imewapa dawa ya kunyamazisha sauti, lakini kwa hili la kumbukumbu na umakini hawajapata kitu cha kushika mkononi. Ni haki yao kuuliza kama mitishamba ina jibu, nao wanastahili kujibiwa kitaalamu bila kejeli.

Jibu lenyewe lina pande mbili. Upande wa kwanza, hakuna mmea uliothibitika kuzuia kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri kwa mgonjwa wa skizofrenia. Upande wa pili, mimea si mgeni katika tiba ya akili. Mzizi mmoja wa India ulisaidia sayansi kuuelewa ugonjwa huu, na popoo inayotafunwa na wazee wetu wa pwani ndiyo chimbuko la mojawapo ya dawa mpya kabisa za skizofrenia. Kati ya mmea na dawa kuna safari ndefu, na chupa za mtaani hazijaipita.

Kinachodhoofika ni nini hasa?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 23 wanaishi na skizofrenia, yaani takriban mtu 1 katika kila 345. Dalili zake huja kwa makundi matatu. La kwanza ni zile ambazo kila mtu anaziona: kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, kuamini kwamba redio inamsema yeye, maneno kutoshikana. La pili ni za kupungukiwa: kukosa hamu, kujitenga, uso usioonyesha furaha wala huzuni. La tatu ni kupungua kwa uwezo wa kukumbuka, kuzingatia, kupanga mambo na kufikiri kwa kasi inayotakiwa.

Kundi hili la tatu hupimwa. Katika vipimo vinavyotumika sana kwenye utafiti, vilivyotokana na mradi wa Marekani uitwao MATRICS, mtahini humsomea mgonjwa maneno 12, kisha humwomba ayataje anayoyakumbuka. Husoma tena mara ya pili, na ya tatu. Mtu asiye na ugonjwa huongeza maneno kila raundi, kwa sababu huyapanga kichwani, ya jamii moja pamoja. Mgonjwa mara nyingi hayapangi, hivyo raundi ya tatu haimwongezei mengi. Katika zoezi jingine husomewa mchanganyiko wa tarakimu na herufi, tuseme 4, C, 2, A, naye hutakiwa kutaja tarakimu kwanza kwa mpangilio wake, halafu herufi. Linaonekana dogo, lakini uwezo huohuo ndio anaoutumia muuza duka anaposhika kichwani bei, noti aliyopewa na chenji anayodaiwa, vyote kwa wakati mmoja. Mgonjwa wa wastani, akipangwa pamoja na watu 100 wa rika lake wasio na ugonjwa, huangukia miongoni mwa 15 wa mwisho.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliamini kwamba ugonjwa huu huila akili hatua kwa hatua. Kwa wagonjwa wengi, utafiti wa baadaye haukumuunga mkono. Sehemu kubwa ya upungufu hutokea mapema: alama za shule huanza kushuka kabla ya sauti ya kwanza kusikika, na hasara nyingine huja wakati wa mlipuko wa kwanza. Baada ya hapo wengi hubaki palepale kwa miaka, ingawa baadhi ya waliofuatiliwa kwa miaka 10 waliendelea kushuka, hasa katika kukumbuka maneno.

Jambo hili ni zito kwa anayetafuta kinga. Kwanza, sehemu ya hasara huwa imeshatokea kabla mtu hajafika kwa daktari wala kwa mganga. Pili, mgonjwa akinywa dawa ya miti mwaka mzima na asishuke, hiyo peke yake haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyomshikilia. Huenda asingeshuka hata bila hiyo.

Dawa za hospitali kama haloperidoli na klopromazini hufanya kazi kwa kuizuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini isiwike kupita kiasi. Kumbukumbu na umakini, kwa sehemu kubwa, hutegemea eneo la mbele la ubongo na kemikali nyingine, zikiwemo asetilikolini na glutamati. Ndiyo maana sauti zinaweza kunyamaza na hesabu ya chenji isirudi. Hata viwanda vikubwa vya dawa vimegonga mwamba hapa: hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahsusi kwa ajili ya kurudisha uwezo wa kufikiri wa wagonjwa wa skizofrenia.

Mzizi uliofundisha sayansi

Nchini India, mzizi wa sarpagandha, ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia serpentina, umetumika tangu enzi kuwatuliza watu waliochanganyikiwa. Mwaka 1931 madaktari wa Kihindi Sen na Bose waliandika juu ya uwezo wake wa kushusha shinikizo la damu na kutuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, walichuja kutoka kwenye mzizi huo kiambata walichokiita reserpini. Miaka miwili baadaye, daktari Nathan Kline wa New York alitangaza kwamba wagonjwa wake waliopewa mzizi huo na reserpini walitulia.

Reserpini huyamaliza maghala ya dopamini na kemikali nyingine kwenye ncha za neva. Msweden Arvid Carlsson aliitumia katika maabara miaka ya 1950: wanyama waliopewa reserpini waliganda, na walipopewa kiambata ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, wakainuka. Majaribio hayo yalionyesha kazi ya dopamini katika ubongo, nayo yalimpa Carlsson Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Uelewa wetu wa dawa za skizofrenia, kwa sehemu, umetoka kwenye mzizi wa mganga.

Hata hivyo, reserpini iliachwa katika tiba ya akili. Ilishusha shinikizo la damu hadi watu wakazirai, iliwaletea wengine huzuni nzito, na iliwafanya wakakamae kama wenye ugonjwa wa Parkinson. Na kwa kumbukumbu haikuongeza kitu.

Huku kwetu mti wa jamii hiyo upo. Ni msesewe, Rauvolfia caffra, ambao magome yake huwapa Wachaga wa Kilimanjaro ule uchungu wa pombe yao ya mbege. Viambata vya ukoo wa reserpini vimekutwa katika mti huu pia. Hilo haliigeuzi mbege kuwa dawa ya akili, na pombe kwa mgonjwa huyu ni hasara tupu. Linatukumbusha tu kwamba mizizi ya ukoo huu si maji ya kunywa. Mgonjwa anayetumia haloperidoli au klopromazini akiongezewa mchemsho wake, shinikizo linaweza kushuka na viungo vikakakamaa maradufu, na nyumbani hakuna atakayejua chanzo ni nini.

Kutoka tambuu hadi kidonge

Wasomaji wa Unguja, Mombasa na Lamu wanaijua tambuu bila kufunzwa: jani bichi linapakwa chokaa, inatiwa popoo iliyokatwakatwa, katu kidogo, wengine huongeza tumbaku, kisha linakunjwa na kutiwa shavuni. Mate huwa mekundu, uso hupata joto, na mtafunaji huhisi amechangamka. Kinacholeta uchangamfu huo ni arekolini iliyomo ndani ya popoo, na chokaa ndiyo huisaidia ipenye kwenye ngozi laini ya mdomo. Arekolini hujifanya asetilikolini, ile kemikali ya kumbukumbu niliyoitaja, na kuamsha vipokezi vyake.

Mwaka 2000 mtafiti Roger Sullivan na wenzake walichapisha matokeo kutoka Palau, visiwa vya Pasifiki ambako popoo hutafunwa na watu wengi. Kati ya wagonjwa 40 wa skizofrenia waliowachunguza, watafunaji wakubwa walikuwa na dalili nafuu kuliko wasiotafuna sana. Je, popoo iliwatuliza, au waliokuwa na nafuu ndio waliopata utulivu wa kukaa na wenzao na kutafuna? Uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Kufikia wakati huo wanakemia walikuwa wameshaifanyia kazi arekolini. Miaka ya 1990 kampuni za Eli Lilly na Novo Nordisk zilibadilisha umbo lake na kupata zanomelini, inayolenga vipokezi viwili vya asetilikolini kwenye ubongo kuliko vingine. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 343 wa Alzheimer walipewa dawa yenyewe au kidonge kitupu. Zanomelini ilipunguza maono na fujo, lakini ilitapisha na kutoa jasho kiasi kwamba wengi waliiacha. Ikawekwa kabatini.

Kilichoifufua ni wazo rahisi. Kampuni ya Karuna ya Boston iliichanganya na trospiamu, dawa ya kibofu ambayo huzuia asetilikolini tumboni na kwingineko mwilini lakini haipenyi sana kwenye ubongo. Tumbo likakingwa, ubongo ukaachiwa dawa. Jaribio la wagonjwa 182 lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha nafuu ya wazi ndani ya wiki 5, na Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo kwa skizofrenia, kwa jina la Cobenfy. Wagonjwa walioanza wakiwa na upungufu mkubwa wa kufikiri walionekana kupata nafuu hata upande huo. Dalili hiyo inatia moyo, ila idhini yenyewe ni ya kutibu skizofrenia, haisemi kitu juu ya kulinda kumbukumbu.

Je, basi, mgonjwa atafune tambuu? Hapana. Mwaka 2004 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka popoo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya kinywa, hata bila tumbaku. Imewahi pia kuripotiwa kwamba wagonjwa waliokuwa wakipata sindano za skizofrenia walikakamaa na kutetemeka zaidi walipotafuna popoo kwa wingi. Kilichomo kwenye Cobenfy si popoo tena. Ni molekuli iliyobadilishwa, ikapimwa, ikashindwa, ikaongezewa mlinzi wake na kupimwa upya, kazi ya miaka takriban 30.

Hata safari hiyo ikikamilika, hakuna uhakika wa kufika. Galantamini, inayotokana na baadhi ya mimea ya maua ya Ulaya, ni dawa halali ya Alzheimer. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 86 wa skizofrenia nchini Marekani, alama zao za jumla za kufikiri hazikutofautiana na za waliopewa kidonge kitupu.

Manjano, ashwagandha na wenzao kwenye mizani

Manjano yamo katika kila jiko la pwani, na sifa zake za kuondoa uvimbe ndani ya mwili zimewavutia watafiti. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 36 wa skizofrenia walipewa kwa wiki 8 ama kidonge kitupu ama miligramu 360 kwa siku za kukumini, kiambata kikuu cha manjano, ikiwa imetengenezwa ili ifyonzwe vizuri. Protini ya damu inayohusishwa na ukuaji wa seli za neva iliongezeka. Kumbukumbu na umakini havikubadilika. Muuzaji atakusimulia nusu ya kwanza ya matokeo hayo tu.

Kipimo nacho kina hesabu yake. Unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu ya kukumini, na sehemu kubwa ya hiyo hupita tumboni bila kufyonzwa. Pilipili manga husaidia kuifyonza, lakini huibadili pia kasi ya ini ya kuchakata baadhi ya dawa. Pilau na mchuzi havina neno. Vidonge vyenye dondoo la pilipili manga ni habari nyingine, vinahitaji ruhusa ya daktari.

Ginkgo, mti wa China, ndio unaouzwa zaidi duniani kwa jina la kumbukumbu. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2008 lilifuatilia wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea. Ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Kwa skizofrenia habari ni tofauti kidogo: nchini China, wagonjwa 109 walipewa haloperidoli pamoja na ginkgo au kidonge kitupu kwa wiki 12, na waliopata ginkgo walipungukiwa zaidi na dalili pamoja na madhara ya dawa. Jaribio jingine la huko, la wagonjwa 157, lilionyesha kwamba ginkgo inapunguza ile miondoko ya mdomo na ulimi isiyozuilika inayowapata waliotumia dawa hizi kwa muda mrefu. Hayo ni manufaa halisi ya kufuatiliwa, lakini hayahusu kinga ya akili kudhoofika. Na ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia aspirini au wafarini.

Ashwagandha, Withania somnifera, inajulikana kama dawa ya India, ingawa kichaka chake huota chenyewe hata Kenya na Tanzania. Mwaka 2018 watafiti wa Pittsburgh walitangaza kuwa wagonjwa 68 wa skizofrenia waliopewa dondoo lake au kidonge kitupu kwa wiki 12, juu ya dawa zao za kawaida, walitofautiana: walioipata walipungukiwa na msongo na dalili za kujitenga. Kwa upande wa kufikiri, ushahidi wake bora umetoka kwa wagonjwa 53 wa ugonjwa wa hisia mseto, walioongeza alama katika baadhi ya majaribio na si mengine. Brokoli nayo ilitia matumaini katika utafiti wa watu wachache kabisa, lakini kiambata chake kilipojaribiwa kwa wagonjwa 58, hakikuleta tofauti.

Ukitazama mfululizo huo utaona kwamba matokeo mazuri hutoka mara nyingi katika majaribio madogo, na makubwa zaidi yanapofuata huyeyuka. Sababu zinajulikana. Mtu akirudia mtihani uleule baada ya wiki 8 hufanya vizuri zaidi, awe amekunywa dawa au maji, kwa sababu ameuzoea. Mgonjwa ambaye hofu na usingizi wake vimetengemaa huzingatia vizuri, bila kumbukumbu yenyewe kuguswa. Na ukipima mambo saba, mojawapo linaweza kupanda kwa bahati tu, nalo likawa ndilo linaloandikwa kwenye chupa. Isitoshe, majaribio ya wiki 12 hayawezi kusema lolote kuhusu kuzuia hasara inayohesabiwa kwa miaka.

Madhara yasiyoandikwa kwenye chupa

Hatari kubwa ya mitishamba mara nyingi haimo kwenye mmea. Imo katika kile kinachoachwa kwa ajili yake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za VVU na kisukari wakiamini wamepona. Kwa skizofrenia hesabu iko wazi. Uchambuzi wa majaribio 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa ndani ya takriban mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliobadilishiwa kidonge kitupu, dhidi ya asilimia 27 ya walioendelea na dawa.

Hatari ya pili ni mgongano ndani ya ini. Mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa kama dawa ya huzuni, huliharakisha ini hadi dawa nyingine, ikiwemo klozapini, ipungue kwenye damu. Moshi wa sigara hufanya vivyo hivyo kwa klozapini na olanzapini. Maji ya balungi hufanya kinyume: hupandisha kiwango cha kwetiapini. Mgonjwa anarudiwa na sauti, au analala siku nzima, na familia inadhani ugonjwa umebadilika.

Hatari ya tatu ni uchafu. Mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 za tiba ya Kihindi katika maduka ya Boston na kukuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Risasi na zebaki ni sumu za ubongo. Mtu ananunua kinga ya akili na kumeza kinachoiharibu.

Na tusisahau kwamba bangi na miraa nazo ni majani. Ipo kemikali moja ndani ya bangi, kanabidioli, ambayo katika jaribio la wagonjwa 88 ilipunguza kidogo dalili za skizofrenia. Lakini bangi inayovutwa mtaani ina zaidi ile nyingine inayolewesha, ambayo huharibu kumbukumbu na kuchochea ugonjwa. Miraa humnyima mgonjwa usingizi, na kwa watafunaji wakubwa imehusishwa na milipuko ya ugonjwa wa akili. Kijana anayeacha vitu hivi viwili ameilinda akili yake kuliko chupa yoyote.

Mganga si adui

Kusema haya hakumfungii mganga mlango. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga, asilimia 48, walikuwa na matatizo ya afya ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi, mara mbili ya waliokwenda kwenye zahanati. Watu wako kwa waganga, na huduma isiyowafikia huko haiwafikii kabisa. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza la kuwasajili waganga, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974. Safari ya kutoka mmea hadi dawa inahitaji taasisi za namna hiyo.

Ushahidi bora wa ushirikiano umetoka Afrika Magharibi. Mjini Ibadan na Kumasi, watafiti wakiongozwa na Profesa Oye Gureje waliwagawa waganga na viongozi wa maombi katika makundi. Baadhi walifanya kazi pamoja na wahudumu wa afya waliokuwa wakiwatembelea, kuwapa wagonjwa dawa za hospitali na kuwashawishi waache minyororo na vipigo. Wengine waliendelea kama kawaida. Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 307, waliohudumiwa kwa ushirikiano walikuwa na wastani wa alama 53 za ukali wa dalili, na wengine 68. Hakuna aliyelazimishwa kuchagua kati ya mganga na daktari.

Cha kufanya leo

Anayetaka kuilinda akili ya mgonjwa wake aanze na karatasi ya dawa. Katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, mgonjwa anayepewa haloperidoli au sindano ya kila mwezi hupewa pia benzeksoli, maarufu kama Artane, ili asikakamae. Benzeksoli huizuia asetilikolini, hivyo hupunguza kumbukumbu. Wapo wanaoinywa miaka mingi baada ya hitaji lake kwisha. Usiikatishe mwenyewe, maana mwili unaweza kukakamaa ghafla. Mwulize daktari: "Dokta, hii Artane bado anaihitaji?" Swali hilo halina gharama, na kwa baadhi ya wagonjwa litaleta tofauti ambayo hakuna unga wa majani umeionyesha.

La pili ni mwili kutoka jasho. Uchambuzi wa majaribio 10 yenye wagonjwa 385, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo huinua uwezo wa kufikiri wa wagonjwa wa skizofrenia, hasa yanapokuwa na msimamizi. Kutembea kwa haraka pamoja na kaka yake kila jioni kunatosha kuanzia.

La tatu ni mafunzo ya ubongo: mazoezi ya kumbukumbu na umakini yakiongozwa na mtaalamu na kuunganishwa na kazi halisi. Majaribio 130 yaliyojumlishwa mwaka 2021, yenye washiriki zaidi ya 8,800, yaliyaunga mkono. Pasipo mtaalamu, nyumbani panafanyika mengi: mpe agizo moja kwa wakati, mwandikie orodha ya sokoni badala ya kumtajia, weka kengele ya simu kwa saa za dawa, mrudishe kwenye kazi anayoiweza hata kama ni ya saa moja kwa siku. Usingizi, shinikizo la damu, sukari na sigara vishughulikiwe, maana vyote huufikia ubongo.

Kama familia bado inataka kutumia mmea, iufikishe kliniki pamoja na jina lake, kiasi na namna unavyotayarishwa, kabla ya kikombe cha kwanza. Anayeuuza aulizwe mambo manne: ni mmea gani hasa, umejaribiwa kwa wagonjwa wa namna hii au wa ugonjwa mwingine, kwa muda gani, na je, unaruhusu dawa za hospitali kuendelea? Mganga anayejibu la mwisho kwa kusema "ziendelee" anafaa kusikilizwa. Anayesema "ziache kwanza" asipewe hata senti.